Samaki Wangu Walipougua Mwezi wa Saba

Kwetu Endebess mtu akitaja shamba, anayemsikiliza huona mahindi. Ardhi hii iliyo chini ya Mlima Elgon, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Suam, imeilisha Kenya miaka mingi, nami niliolewa hapa nikiijua kazi hiyo moja. Niliposema nitalifufua bwawa la samaki la marehemu baba mkwe, majirani walidhani huzuni imenizidi. Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya wanaofuga samaki kwenye miinuko ya baridi, ambao asubuhi moja watakuta samaki wao wamejaa madoa meupe na kila anayepita njiani atakuwa na dawa ya kupendekeza. Nimepita hapo. Samaki walipona, na nyumba yangu ikasimama tena.

Bwawa lenyewe lilichimbwa katika ule mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka wa 2009. Maeneo bunge 140 yalichaguliwa, kila moja likapangiwa mabwawa 200 ya mita za mraba 300, na kila bwawa vifaranga 1,000. Wakati huo Endebess ilikuwa bado chini ya eneo bunge la Kwanza. Mzee alilipenda sana bwawa lile. Jioni alikaa ukingoni na kiti chake hadi giza liingie. Lakini vifaranga vya bure viliisha, chakula cha samaki kikapanda bei, na mabwawa mengi yakarudiwa na nyasi na vyura. Letu pia.

Kisha ukaja mwaka wa 2017. Viwavijeshi vamizi, wadudu wa asili ya Amerika walioonekana Afrika Magharibi mwaka uliotangulia, walitufikia huku magharibi mwa Kenya mahindi yakiwa machanga. Tulinyunyiza dawa, tukawaokota kwa mikono, tukatia majivu na mchanga ndani ya mahindi, na bado majani yalitobolewa shamba zima. Mwaka huo huo mume wangu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na mguu pia. Mtu aliyekuwa akibeba gunia la kilo 90 begani sasa alihitaji kushikwa ili akae kitandani. Kidogo tulichovuna tulikiuza kwa mkopo, malipo yakachelewa miezi, na hospitali na shule havikungoja. Binti yetu alikuwa kidato cha pili.

Niliwaeleza wenzangu wa chama chetu cha wanawake hali yote bila kuficha. Wakanikopesha shilingi 30,000. Katika kikao kile mama mmoja alisimama akasema kwamba mkopo huu chama kitaulinda pamoja, mimi nisiubebe peke yangu. Neno hilo nililikumbuka baadaye, saa kumi ya alfajiri, nikiwa nimeshika ndoo.

Vijana waliondoa matope na nyasi, nikaweka vifaranga vya tilapia mapema mwaka wa 2018, na vingine mwezi wa sita kujaza idadi. Vile vya pili vililetwa na mwuzaji ambaye sitamtaja. Alituhakikishia kwamba vimekaa pembeni na kuchunguzwa kabla ya kuuzwa. Masika ya mwaka huo yalikuwa na mvua isiyo ya kawaida Kenya nzima, na sisi huku mvua haikukatika hata masika yalipokwisha. Bwawa lilikuwa na maji ya udongo, baridi asubuhi na baridi jioni. Tilapia hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Kipimajoto changu kilisoma 18.

Mwezi wa saba samaki wakaanza kujisugua. Walikuwa wakijipiga ubavu kwenye vigingi vya bomba la kuingizia maji, wakimetameta na kugeuka. Baada ya siku chache wakakusanyika pale maji yanapoingia, midomo juu, wakitafuta hewa. Chakula kikabaki kikielea. Nilipomtoa mmoja kwa wavu nikaona mapezi na mgongo vimetapakaa vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Kesho yake wafu wa kwanza walielea.

Habari za msiba wa mifugo husambaa haraka vijijini, na ushauri pia. Mtu wa kwanza alisema nitie dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa kuwa inaua kupe na hawa ni wadudu tu. Wa pili, mkulima wa kahawa kutoka upande wa Bungoma aliyekuja kumjulia hali mume wangu, akasema kopa ya kunyunyizia kahawa ndiyo kiboko yao. Kwenye duka la dawa za mifugo nikauziwa mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwenye karatasi, bila kuulizwa bwawa langu lina maji kiasi gani. Wote walinitakia mema. Lakini dawa nyingi za kupe huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na hata zile tunazonyunyizia viwavijeshi zikisombwa na mvua hadi bwawani zinatosha kumaliza kazi ya mwaka. Nasema hili kwa uchungu: kuna watu katika kaunti hii waliopoteza bwawa zima kwa chupa ambayo kibandiko chake hakina hata picha ya samaki.

Nilimpigia mtoto wa dada yangu. Anaishi Mtwapa, na anafanya kazi na watu wanaonunua samaki wa mapambo kutoka kwa wapiga mbizi wa pwani, wanawatunza kwenye matangi ya vioo, kisha wanawasafirisha kwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na kwingineko. Nilimtumia picha.

"Mayi," akaniambia, "usitie kitu chochote bwawani leo. Na kesho pia usitie."

"Mwanangu, wanakufa."

"Najua. Lakini dawa ikikosewa watakufa wote leo. Nisikilize kwanza."

Alichonieleza usiku ule ndicho kilichotuokoa, kwa hiyo nitakieleza kwa urefu. Baharini kuna kimelea anayeleta madoa meupe, jina lake Cryptocaryon irritans. Humshambulia hasa kangaja, yule samaki wa miambani mwenye wembe kwenye shina la mkia. Kimelea hujichimbia chini ya ngozi na ndani ya matamvua, akala siku kadhaa, kisha akaanguka chini. Huko hujijengea ganda gumu kwenye mchanga au jiwe, akajigawa mara nyingi ndani yake, na ganda likipasuka hutoka watoto mamia wanaoogelea kumtafuta samaki. Wasipompata katika siku moja au mbili, wanakufa. Akiwa chini ya ngozi dawa haimfikii. Akiwa ndani ya ganda haimfikii. Anapatikana kwa muda mfupi tu, anapokuwa akiogelea.

Kwenye matangi yenye marijani hai, mtu akiona madoa hushikwa na tamaa ya kumwaga shaba, kwa maana shaba huua kimelea huyo kweli. Lakini shaba hiyo hiyo huua marijani, kamba na konokono, tena mawe huinyonya na kuiachilia polepole, kwa hiyo tangi linabaki na sumu muda mrefu. Kwa hiyo wao hawatibu tangi. Wanawatoa samaki wote, hata wanaoonekana wazima, wakawaweka kwenye tangi tupu lisilo na jiwe wala mchanga. Humo ndimo shaba inamotiwa, na inapimwa kila siku, kwani nusu ya kipimo haiponyi na mara mbili yake inaua. Tangi la marijani linaachwa bila samaki zaidi ya miezi miwili, kwa sababu maganda mengine yamewahi kukaa hadi siku 72 kabla ya kupasuka. Wasiotaka shaba huwahamisha samaki kila siku tatu kwenye tangi safi lililokaushwa, ili kimelea aangukie mahali ambapo samaki hatakuwepo ganda likifunguka. Wengine hupunguza chumvi ya maji kutoka gramu 35 kwa lita hadi kama 16. Samaki wengi wa mifupa huvumilia hali hiyo majuma kadhaa, lakini kimelea huvimba akapasuka. Marijani nayo haivumilii, ndiyo maana hata hilo hufanywa pembeni.

Nikamwambia mimi sina marijani, nina matope.

"Matope yako yana wenyewe," akajibu. Rangi ya kijani ya maji ni mwani unaotengeneza oksijeni mchana. Chini kuna bakteria wanaokula kinyesi cha samaki na kuondoa sumu yake. Kuna wadudu wadogo ambao vifaranga huwala. Ukitia mrututu mwani unakufa, unaoza, oksijeni inaisha, na alfajiri samaki wote wako juu. Waliokuwa wamebakishwa na kimelea, amewaua mwenye bwawa.

Kabla ya kufanya lolote alitaka nijue kwa hakika ni kimelea gani. Nikaweka samaki wagonjwa wawili wakiwa hai kwenye mtungi wenye maji, nikapanda bodaboda hadi Kitale kwa afisa wa uvuvi. Alikwangua ute kidogo ubavuni, akauweka kwenye kioo na kuniita kwenye hadubini. Niliona kitu cha mviringo kinachozunguka polepole, na ndani yake kiini kilichopinda. "Mama, unaona hicho kiatu cha farasi?" akauliza. Hiyo ndiyo alama ya Ichthyophthirius multifiliis, kimelea wa madoa meupe wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya bahari. Si ndugu wa damu wa yule wa baharini, lakini maisha yao yanafuatana hatua kwa hatua: ngozi, ganda, kuogelea.

Afisa aliongeza jambo ambalo kwa sisi wa mlimani lina uzito wa pekee. Kwenye maji ya nyuzi 25 kimelea huyu humaliza mzunguko wake chini ya wiki. Kwenye nyuzi 15 huchukua karibu wiki mbili, na maji yakizidi kupoa mzunguko hurefuka hata mwezi na zaidi. Mtu wa Kisumu anaweza kutibu kwa wiki moja na kidogo. Sisi tukitibu wiki moja tunawaacha walio chini ya ngozi na walio ndani ya maganda, kisha tunalaumu dawa. Alinionya pia kuhusu mrututu: maji yakiwa laini, yasiyo na chokaa ya kutosha, sumu yake kwa samaki huongezeka sana, na maji yangu hayakuwa yamepimwa. Formalini hupunguza oksijeni, nayo oksijeni ndiyo niliyokuwa nikikosa. Na ile rangi ya kijani iitwayo malakiti, iliyotumiwa sana zamani kwa ugonjwa huu, haifai kabisa kwa samaki wa kuliwa. Kangaja wa kuangaliwa kwenye kioo si sawa na tilapia atakayewekwa mbele ya mtoto. Hapo tukabaki na chumvi.

Chumvi kwa samaki wa maji baridi ni ile hila ya Mtwapa iliyogeuzwa. Kule wanampunguzia kimelea chumvi, huku tunamwongezea, na kote kuwili tunamtegea maji ambayo mwili wake haukuumbwa kuyahimili. Tilapia huhimili chumvi vizuri kuliko samaki wengi. Kipimo tulichokubaliana ni gramu 3 kwa lita, cha kukaa nacho muda mrefu.

Nikarudi nyumbani tukapiga hesabu, mume wangu akiandika kwa mkono wa kushoto. Bwawa la mita za mraba 300, kina cha mita moja, ni lita 300,000. Gramu 3 kwa lita ni kilo 900. Magunia 18 ya chumvi. Alinitazama, nikamtazama. Kisha akachora shimo: urefu mita nne, upana mita tatu, kina mita moja. Lita 12,000. Kilo 36 za chumvi. Samaki zaidi ya 800 waliobaki, wa gramu kama 60 kila mmoja, ni kilo 50 hivi. Wangetosha humo iwapo hewa haingepungua. Tangu kiharusi kimpate hakuwa amekaa mezani kwa kazi yoyote. Siku ile alikaa hadi taa ikaisha mafuta.

Shimo lilichimbwa na vijana wa kanisani kwa chai na viazi. Tukatandika karatasi nzito ya plastiki, tukaleta maji ya chemchemi, ambamo hakuna samaki na kwa hiyo hakuna kimelea. Maji ya kijito tuliyakwepa. Chumvi ilikuwa ya kawaida ya kupikia, ile inayovunwa kutoka bahari huko Gongoni na Marereni. Magadi na chumvi ya kulambisha ng'ombe hatukugusa, kwa kuwa zina vitu vingine ndani. Samaki tuliwafungia chakula siku moja, tukawavua asubuhi mapema kukiwa na ubaridi, mikono ikiwa imelowa ili isiwatoe ute. Tukawaingiza kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi, kisha chumvi ikafuata kwa mafungu matatu ya kilo 12, iliyoyeyushwa kwenye ndoo na kumwagwa polepole, fungu kwa fungu, tukiwatazama wanavyopumua.

Siku za kwanza ndizo zilizonivunja moyo zaidi, kwa sababu waliendelea kufa. Waliokuwa na matamvua yaliyoliwa hawangeweza kurudi. Madoa pia yaliongezeka kabla ya kupungua, na kama nisingeelezwa kwamba walio chini ya ngozi lazima wakue na kuanguka wenyewe, ningeongeza chumvi na kuwamaliza. Mama mkwe alikuwa akiomba kwa sauti ukingoni mwa shimo. Mimi sikuwa na maneno. Niliomba kwa kuchota maji.

Umeme hatukuwa nao wa kuendesha pampu ya hewa. Oksijeni huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza, na samaki waliobanana kwenye shimo wanaweza kufa wote saa hiyo. Wanawake wa chama wakajigawia zamu. Saa kumi alfajiri, mvua ya Elgon ikinyesha, wawili wawili walikuja na makoti na tochi, wakachota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, yakianguka na hewa, hadi kupambazuke. Kuna aliyetoka Matumbei kwa miguu. Hakuna aliyelipwa. Ninaposimulia ushuhuda huu kanisani watu husubiri nifike kwenye dawa, nami huwachelewesha hapa, kwa maana chumvi bila mikono ile ingekuwa maji ya chumvi yenye samaki wafu.

Chakula tulitoa kidogo sana, kwani shimo halina bakteria wa kutosha kuondoa sumu ya kinyesi. Kila siku tulitoa sehemu ya maji na kuweka mapya, na kwa kila lita 1,000 zilizotoka tulirudisha kilo 3 za chumvi. Maji yaliyotoka hatukuyaelekeza kwenye sukuma wiki wala kwenye kijito. Tulichimba mtaro wa kuyapeleka mahali pasipolimwa. Nyavu na ndoo za shimo hazikukutana na za bwawa, na zote zilianikwa juani kila jua lilipotokea, maana kimelea huyu hawezi kukaushwa akaishi. Bwawa kubwa nalo tulilikamua maji, tukatia chokaa kwenye tope, tukaliacha bila samaki hata mmoja.

Mwishoni mwa wiki ya pili nilimtoa tilapia mmoja nikamgeuza kwenye mwanga. Pezi lilikuwa na doa moja. Wa pili hakuwa na doa. Mtoto wa dada akasema nisisherehekee, tuendelee hadi mizunguko miwili ipite baada ya doa la mwisho. Tukaendelea mwezi mzima. Nilikwenda tena Kitale na samaki kwenye mtungi, afisa akakwangua ute, akatazama kwa muda, kisha akasogea ili nitazame mwenyewe. Hakukuwa na kiatu cha farasi. Nililia mbele yake, na hakunikataza.

Tuliwarudisha bwawani mwezi wa tisa, baada ya chokaa kutulia na maji kuanza kuwa na rangi ya kijani. Walikua polepole, kama tilapia wote wa huku juu, wakashika kasi jua la Desemba lilipokuja. Mwezi wa tatu 2019 tulivuna zaidi ya 600, karibu kilo 150. Hoteli mbili za Kitale zilichukua nusu, wengine waliishia ukingoni mwa bwawa, wateja wakiwa na beseni. Kwa shilingi 350 kwa kilo, deni la chama lililipwa na riba yake, na binti akarudi shuleni na karo kamili. Mume wangu ndiye anayeshika daftari la bwawa hadi leo: joto la maji, chakula, waliokufa, waliouzwa. Mkono wa kushoto umekuwa na mwandiko mzuri.

Shimo hatukulifukia. Kila kifaranga kinachonunuliwa sasa, hata kikitoka kwa mtu tunayemwamini, hukaa humo wiki tatu na zaidi kabla ya kuwaona wenzake, na wafugaji wa Chepchoina na Kwanza huja kuazima vipimo vyetu. Ninachowaomba wakubwa wa kaunti ni kidogo. Mgonjwa wa madoa meupe anayesafirishwa kwenye mtungi juu ya bodaboda mara nyingi hufika amekufa, na kimelea huondoka haraka kwenye samaki mfu, hivyo mkulima hurudi bila jibu na kununua mrututu njiani. Hadubini moja hapa Endebess, na mtu mmoja wa kuitumia siku ya soko, ingeokoa mabwawa mengi kuliko magunia ya dawa.